Ngazi ya 30 kwenye programu ya hesabu, lakini vijiko vinne vinamshinda

BARUA

Washauri wapendwa, salaam.

Nina watoto wawili. Wa kwanza ana miaka mitano na miezi miwili, wa pili ana miaka miwili na miezi minne. Nimewawekea programu 14 kwenye simu yangu. Zote nilizipata kwa kuandika "elimu ya watoto" kwenye duka la programu na kuchagua zenye nyota nyingi.

Mkubwa amefika ngazi ya 30 kwenye programu ya hesabu na kila siku anazawadiwa vikombe vya dhahabu. Juzi nilimwambia aniletee vijiko vinne, akaniletea konzi nzima. Nikamwambia avihesabu, akataja namba hadi ishirini bila kukosea, lakini vijiko vilikuwa saba. Kwenye herufi pia simwelewi: anaimba alfabeti yote ya Kiingereza, ila nikimwonyesha neno "mama" ananitazama tu.

Mdogo anagusagusa kioo kizima. Sasa hivi yuko kwenye picha za wanyama, mara tangazo la magari limefunguka, mara yuko ndani ya duka la programu. Siku moja aliingia kwenye ujumbe wangu wa kazi na kutuma sauti yake. Nikimchukulia simu analia mpaka anajitupa chini.

Baba yao anasema nifute zote. Dada yangu anasema watoto wasiozoea vitu hivi mapema wataachwa nyuma. Naomba mnisaidie: nitajuaje programu inayofundisha kweli? Ya kulipia ni bora kuliko ya bure? Nifanyeje kuhusu matangazo na simu yangu? Na kila mtoto atumie kwa muda gani?

Mama wa Wawili

JIBU

Mama wa Wawili, hujambo. Tuanze na vijiko, maana ndani yake mna jibu la nusu ya maswali yako.

Kuhesabu si jambo moja. La kwanza ni kutaja namba kwa mfuatano, kama wimbo. La pili ni kugusa kitu kimoja kwa kila namba, bila kuruka wala kurudia. La tatu ni kuelewa kwamba namba ya mwisho uliyotaja ndiyo jumla ya vitu vyote. La nne, gumu kuliko yote, ni kutoa idadi uliyoambiwa kutoka kwenye fungu kubwa na kujua mahali pa kuacha. Mwanao ameshika la kwanza vizuri sana. Mengine bado, na programu yake haikumnyima vikombe kwa sababu haikuwahi kumuuliza.

Itazame hiyo programu kwa makini atakapokuwa anaicheza. Kuna uwezekano mkubwa kwamba inakwenda hivi: inaonekana namba 4, samaki wanaogelea, mtoto anagusa samaki mmoja, sauti inasema "moja", anagusa mwingine, sauti inasema "mbili", akifika wa nne kengele zinalia na puto zinapaa. Sasa jiulize ni nani aliyehesabu. Ni programu. Ni nani aliyeamua kwamba wanne wanatosha? Ni programu vilevile. Mtoto alichotakiwa kufanya ni kugusa kinachotembea mpaka kengele ilie. Anaweza kupita ngazi 30 hivyo bila hata mara moja kukutana na swali "niache hapa au niendelee?" Vijiko havina kengele, ndiyo maana alileta konzi.

Programu nzuri ya hesabu kwa umri wake hufanya kinyume. Humwambia "weka samaki wanne kwenye ndoo", humwacha aweke hata tisa akitaka, na husubiri mwenyewe abonyeze kitufe cha kumaliza. Akiwa amekosea, haimpigii honi na kumsukuma kwenye swali jingine. Inawahesabu samaki mmoja mmoja mbele yake, inamwonyesha kwamba wamezidi, kisha inamrudishia ndoo arekebishe. Tofauti hiyo ndogo, ya nani anayeamua kuacha, ina uzito kuliko picha, rangi na muziki vyote kwa pamoja.

Wakati unatafuta, rudi kwenye vijiko vyenyewe. Mwombe viwili. Akitoa viwili bila kukosea kwa siku mbili tatu, na kwa vitu tofauti (vifuniko, viatu, vibanio vya nguo), mwombe vitatu, kisha vinne. Usiruke. Akileta vingi usimwambie "umekosea", hesabuni pamoja, kila kijiko kikihamishwa kutoka upande mmoja wa meza kwenda wa pili, kisha sema jumla: "Viko vitano. Nilitaka vitatu. Turudishe vingapi?" Dakika tano zinatosha. Ikiwa baada ya wiki kadhaa za mchezo huu wa kila siku bado hata vitatu vinamshinda, zungumza na mwalimu wake au mhudumu wa afya ya watoto.

Kwa nini nyota na jina vilikudanganya

Neno "elimu" kwenye duka la programu huandikwa na mtengenezaji mwenyewe. Nyota nazo hutolewa na wazazi, na mzazi mara nyingi hutoa tano kwa sababu mtoto ametulia, jambo ambalo halisemi lolote kuhusu alichojifunza. Na ile alama ya 3+ au 4+ inasomwa vibaya na wengi: maana yake ni kwamba hakuna picha za kutisha au mambo yasiyofaa umri huo. Haimaanishi kwamba mtoto wa miaka mitatu ataelewa.

Mwaka 2015 kundi la wanasaikolojia wa Marekani, akiwemo Kathy Hirsh-Pasek, waliandika vigezo vinne ambavyo bado ni kipimo kizuri: akili ya mtoto inafanya kazi na si kidole peke yake, hakuna vikorombwezo vya kumtoa kwenye somo, somo linagusa kitu anachokijua maishani, na kuna mtu wa kushirikiana naye. Mwaka 2021 watafiti walichambua kwa vigezo hivyo programu 124 zilizojiita za elimu ya watoto, na zaidi ya nusu zilipata alama za chini. Kwa hiyo hukuchagua kizembe. Ulichagua kutoka kwenye rundo ambalo sehemu kubwa ni dhaifu.

Dakika kumi na tano zako, watoto wakiwa wamelala

Kila programu ijaribu mwenyewe kabla ya kumpa mtoto. Kusoma maelezo yake hakutoshi.

Anza kwa kuzima data na Wi-Fi, au washa hali ya ndegeni, kisha ifungue. Ikikataa kabisa kufunguka, jua kwamba itakula data kila siku na huenda inategemea matangazo. Ikifunguka na kucheza vizuri, hiyo ni sifa kubwa. Baadhi huhitaji intaneti mara ya kwanza tu ili kupakua masomo, kwa hiyo ipe nafasi hiyo moja kabla ya kuihukumu.

Halafu kosea makusudi, mara tano mfululizo. Hapa ndipo programu nyingi zinapoanguka, na makosa yao ni ya aina tatu. Kuna ambazo kosa linaleta sauti ya kuchekesha kuliko jibu sahihi, chura anaruka au mtu anaanguka matopeni, na mtoto mwenye akili atakosea kwa raha zake siku nzima. Kuna ambazo baada ya makosa mawili zinaliwasha jibu sahihi lenyewe likametameta. Mtoto hujifunza kusubiri taa. Na kuna zisizosema lolote, kipande cha fumbo kinarudi tu kilikotoka, kwa hiyo anakiburuta huku na kule mpaka kinase. Ukiona mtoto anamaliza fumbo bila kutazama umbo la kipande, programu yake ni ya aina hii. Unachotafuta ni kosa linalomwonyesha *kwa nini* si hivyo, kisha linamwacha ajaribu tena.

Jaribio la tatu: gusa kioo kizima kwa kiganja bila kutazama, kwa dakika moja. Ukipata zawadi, mtoto wako naye anazipata hivyo hivyo.

Pima pia muda wa shangwe. Hesabu kimoyomoyo: kazi yenyewe inachukua sekunde ngapi, na puto na vigelegele vinachukua ngapi? Kama kuoanisha herufi kunachukua sekunde tatu na sherehe inachukua nane, somo ni sherehe.

Mwisho, bonyeza kutoka. Kuna wahusika wanaolia machozi au kukusihi usiondoke, na kuna video au mchezo unaoanza wenyewe kabla hujapata kitufe. Hizo zifute bila kufikiri mara mbili. Mtoto wa miaka miwili anaamini yule dubu anaumia kweli.

Kama programu inafundisha kuandika herufi, ongeza jambo moja: ichore herufi kwa kuanzia mahali pasipofaa, mfano "m" kutoka kulia kwenda kushoto. Ikikubali na kukupongeza, itamjengea mkono tabia ambayo mwalimu atahangaika kuiondoa. Inayofaa huonyesha nukta ya kuanzia na mshale. Hata hiyo haitoshi, kwani kidole kwenye kioo laini hakifundishi kushika penseli wala kuikandamiza kwa kiasi. Ipe penseli nafasi yake.

Herufi: hapa tunaomba usikilize kwa masikio yako

Mwanao anaimba alfabeti ya Kiingereza na "mama" inamshinda, na sababu yake ni rahisi kuieleza. Herufi ya kwanza ameambiwa inaitwa "ei". E ameambiwa ni "ii", sauti ambayo kwa Kiswahili ni ya herufi I. I ameambiwa ni "ai", na U ni "yuu". Kati ya irabu zetu tano, ni O peke yake inayobaki karibu na sauti yake. Mtoto huyo akiangalia "mama" kwa majina aliyofundishwa, hana njia ya kuifikia. Vipande alivyonavyo vinatoa "em-ei-em-ei".

Hatusemi Kiingereza kina ubaya. Mtoto anaweza kukua na lugha mbili bila shida, na nyimbo au msamiati wa wanyama kwa Kiingereza havimdhuru. Tatizo ni kuanza kusoma kwa mifumo miwili ya sauti bila mtu kumwambia kwamba ni miwili. Chagua lugha moja ya kuanzia kusoma. Ikiwa nyumbani mnazungumza Kiswahili, Kiswahili kina faida kubwa: irabu tano, kila moja na sauti yake isiyobadilika, na silabi zinazojengeka waziwazi. Akishaweza *ba be bi bo bu* na *ma me mi mo mu*, anasoma "mama", "baba", "bibi" na "mimi" siku hiyohiyo.

Programu za Kiswahili nazo zipimwe, maana nyingine zilitengenezwa kwa Kiingereza kisha maneno yakabadilishwa tu. Dalili ni hizi. Sauti inasema "mbili kitabu" au "tatu mpira" badala ya "vitabu viwili" na "mipira mitatu", kwa sababu namba imebandikwa pembeni ya neno bila upatanisho. Mtoto wa miaka miwili au mitatu ndiyo kwanza anaunda ngeli kichwani. Asisikie hivyo mara mia kwa siku. Dalili nyingine ni orodha ya A hadi Z yenye Q na X, herufi ambazo maneno ya Kiswahili hayazitumii, huku *ch*, *sh*, *ny* na *ng'* zikiwa hazipo. Na kama sauti ni ya mashine, sikiliza mkazo: kwa Kiswahili uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mashine mbovu huupeleka popote.

Kazi nzuri ya Kiswahili inawezekana, na ushahidi upo. Shindano la Global Learning XPRIZE lilijaribu programu za kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili katika vijiji vya mkoa wa Tanga, Tanzania, na mwaka 2019 tuzo ikagawanywa kati ya washindi wawili, onebillion na Kitkit School. Watoto walioshiriki walikuwa wakubwa kuliko wako, lakini masomo ya mwanzo ya programu hizo yanaanzia kwenye sauti na idadi ndogo, hivyo yanafaa kuangaliwa kwa huyu wa miaka mitano. Kama unahitaji ya Kiingereza kwa ajili yake, Khan Academy Kids ni ya bure, haina matangazo wala ununuzi, na imelenga miaka 2 hadi 8. ScratchJr nayo ni ya bure, kwa miaka 5 hadi 7: mtoto anapanga vipande vya amri ili mhusika atembee, aruke au aseme, na hahitaji kujua kusoma. Tunaipenda kwa sababu haina jibu moja. Mtoto akikosea mpangilio, mhusika anaenda kusikotakiwa na yeye mwenyewe anaona.

Bure, kulipia, na mahali pesa inapopotelea

Bei haipimi ubora, ila inakwambia mtengenezaji anaishi kwa nini. Anayeishi kwa matangazo anahitaji mtoto aguse matangazo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliochunguza programu 135 za watoto wa miaka mitano na chini walikuta matangazo ya aina moja au nyingine kwenye asilimia 95 ya programu hizo, mengine yakiwa yamefichwa kama sehemu ya mchezo. Mtoto wa umri huo hatofautishi tangazo na somo. Kwa hiyo kanuni yetu ni kali: kwenye ukurasa wa duka, chini ya jina, kukiwa na maneno "ina matangazo", usiipakue kwa mtoto aliye chini ya miaka sita.

Kisha kuna za bure zilizojaa kufuli. Hesabu kufuli kwenye ukurasa wa kwanza. Zikizidi milango iliyo wazi, mdogo atakuwa anagonga kufuli muda wote na kukuletea simu ulipe. Kati ya kulipa mara moja na kulipa kila mwezi, tunapendelea kulipa mara moja. Ukichukua majaribio ya bure ya siku saba, ujue jambo ambalo huwaumiza wengi: kufuta programu hakusitishi malipo. Unayasitisha kwenye duka lenyewe, sehemu ya usajili, kabla majaribio hayajaisha.

Halafu weka duka lidai nenosiri kwa *kila* ununuzi. Mwaka 2014 Apple ilikubaliana na mamlaka ya biashara ya Marekani kurudisha angalau dola milioni 32.5 kwa wazazi, na kiini cha kesi kilikuwa kwamba nenosiri likishaandikwa mara moja, kwa dakika 15 zilizofuata mtoto angeweza kununua bila kuulizwa tena. Chaguo la kudai kila mara liko kwenye mipangilio ya duka la Android. Kwenye iPhone, sehemu ya Screen Time inakuruhusu kuzuia kabisa ununuzi wa ndani ya programu. Usitegemee lile swali la "wazazi tu" lenye hesabu ya kuzidisha, hasa lile la kushikilia kitufe kwa sekunde tatu. Mkubwa wako atalijua ndani ya siku mbili kwa kukutazama.

Kuhusu ujumbe wa kazi: bandika programu ili mtoto asitoke ndani yake. Kwenye Android fungua Mipangilio, andika "bandika" kwenye kisanduku cha kutafutia, au "pin" kama simu yako iko kwa Kiingereza, uwashe, na uwashe pia chaguo la kudai namba ya siri wakati wa kutoka. Baada ya hapo fungua programu ya mtoto, nenda kwenye orodha ya programu zilizofunguliwa, gusa ikoni yake kwa juu, chagua kubandika. Kwenye iPhone kitu hicho kinaitwa Guided Access, ndani ya Accessibility. Ukishakiwasha unabonyeza kitufe cha pembeni mara tatu. Kinakuwezesha pia kuzungushia sehemu ya kioo usiyotaka iguswe na kuweka muda. Ongeza hali ya ndegeni juu yake. Simu hazitaingia, kwa hiyo chagua wakati ambao husubiri mtu.

Pitia ruhusa pia. Programu ya kupaka rangi haina sababu ya kutaka majina ya watu wako wala mahali ulipo. Maikrofoni inaeleweka kwa programu ya kusoma kwa sauti, si kwa fumbo la maumbo.

Huyu wa miaka miwili

Kwake tutakuwa wafupi: hahitaji programu yoyote kati ya hizo 14. Watoto wa umri huu hupata shida kuhamisha walichokiona kwenye kioo kwenda kwenye kitu halisi. Anaweza kugusa picha ya kikombe kila ukimwambia na asikitambue kikombe kilicho mezani kama jibu la swali lilelile. Kidole chake kinaweza kugusa. Kuburuta kitu bila kukiachia njiani bado ni kazi ngumu, na kiganja chake kikigusa ukingo wa kioo programu inadhani ameamuru jambo. Sehemu ya kile unachokiona kama utundu ni mkono tu.

Mtengenezee cha kwake. Piga picha 12 za vitu vya nyumbani mwenu na watu wake: kikombe chake, kiatu chake, mlango, bibi, kaka. Kitu kimoja kwa picha moja, nyuma pakiwa wazi, kamera ikiwa usawa wa macho yake. Ziweke kwenye albamu moja, mpakate, na kwa kila picha taja, uliza, kisha mwende kwenye kitu chenyewe mkiguse. "Kiatu cha nani hiki? Kiko wapi?" Picha nne au tano kwa kikao zinatosha. Badilisha picha tatu kila wiki. Simu ya video na bibi yake pia ni matumizi mazuri, kwa sababu kule kuna mtu anayemjibu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, halipendekezi kabisa muda wa kukaa mbele ya kioo kwa watoto wa chini ya miaka miwili, na kwa miaka miwili hadi minne linaweka kikomo cha saa moja kwa siku, likisema pungufu ni bora. Sisi tungempa mdogo dakika kumi, na mkubwa dakika 15 mara mbili kwa siku, hata moja isiwe ndani ya saa ya mwisho kabla ya kulala. Ukae naye angalau nusu ya muda huo.

Mwambie dada yako kwa upole kwamba kugusa kioo mtoto yeyote hujifunza kwa siku moja, akiwa na umri wowote. Maneno, subira na idadi ndivyo vinavyotaka kuwahiwa. Na baba yao yuko karibu na ukweli: ukimaliza majaribio ya dakika kumi na tano, tunadhani zitabaki mbili, au tatu kwa bahati. Anza kufuta zenye matangazo, kisha zile zilizokupa zawadi kwa kiganja. Zitakazobaki ziweke kwenye folda moja, mbali na ukurasa wa kwanza.

Kilio

Mtoto wa miaka miwili hajui "dakika mbili" ni nini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2016 walifuatilia familia zenye watoto wadogo wakakuta kwamba onyo la "zimebaki dakika mbili" liliambatana na kilio zaidi, na kwamba mambo yalikwenda vizuri zaidi pale matumizi yalipoishia mahali panapoeleweka, kama mwisho wa hadithi. Hii ni sababu nyingine ya kuchagua programu zenye mwisho. Sema "bado picha mbili", kisha "hii ndiyo ya mwisho", na yeye mwenyewe azime na kuipeleka simu mahali pake. Wakati uwe uleule kila siku. Usimpe simu ili kumnyamazisha anapolia, maana atajifunza haraka kwamba kilio ndicho kinachoifungua. Siku chache za kwanza atalia zaidi ya sasa. Kaa naye, usimrudishie.

Na kabla hajazima, jambo linalofuata liwe tayari mkononi mwako, kazi ndogo yenye vitu vya kushika. Ikiwa ni karibu na wakati wa kula, kaka yake alete vijiko vya watu wote, yeye avipange mezani kimoja kimoja. Vihamishie kwenye droo ya chini wanayoifikia wenyewe.